Mpinzani amepaki basi mezani: hatua za kumfungua kwenye gemu za vita za kihistoria

Wakuu, kila anayecheza hizi gemu za vita za mezani, zile za kihistoria zenye vijisanamu vya askari, dadu na tepu ya kupimia, lazima siku moja akutane na huyu mtu. Anachukua askari wa miguu wazito, anawapanga juu ya kilima, bega moja la mstari limeegemea msitu na lingine limeegemea mto, mizinga katikati, alafu anakunja mikono anakwambia karibu. Zamu ya kwanza hasogei, ya pili hasogei, ya tatu anarusha dadu zake za mizinga tu na kutabasamu. Na wengi wetu tunachofanya ni kupandwa na hasira, tunasukuma jeshi zima mbele kwa usawa, kila kikosi kinamvaa aliye mbele yake, ikifika zamu ya tano nusu ya jeshi imesharudi kwenye boksi.

Sasa kabla ya hatua zenyewe elewa kinachompa nguvu. Kilima kinamsaidia ndio, ila kinachombeba zaidi ni kwamba hana cha kuamua. Maamuzi yake yote kayamaliza wakati wa kupanga jeshi, kuanzia hapo wewe ndo unaamua kila zamu na anayeamua sana ndo anayekosea sana. Kwahiyo karibu kila kitu nitakachoandika hapa chini kina lengo moja, kumlazimisha na yeye aamue, tena aamue mambo mawili matatu kwa pamoja huku amri za kutoa anazo chache.

Namba nitakazotumia ni za mfano, sheria za gemu zinatofautiana, wewe weka za kwako.

Hatua ya 1: Soma misheni, alafu hesabu zamu kurudi nyuma

Swali la kwanza, nani analazimika kumfuata mwenzake? Watu wanaliruka hili alafu wanalalamika mpinzani hachezi. Kama kuna sehemu tatu za kushikilia zenye pointi na yeye kakalia moja, shika mbili zilizobaki ukae nazo, hapo mshambuliaji ameshakuwa yeye na kile kilima chake hakina kazi tena. Wajenga ngome wengi hawana plani ya pili, ukiwalazimisha kutembea unaona kabisa mtu anaanza kusoma upya kurasa za sheria za mwendo.

Kama misheni haimlazimishi yeyote, ongeeni kabla hamjapanga. Chagueni misheni yenye mshambuliaji na mlinzi na mshambuliaji apewe jeshi kubwa kidogo, au zamu zaidi. Wanajeshi wana kanuni yao ya zamani kwamba anayeshambulia ngome awe na watu watatu kwa mmoja. Kwenye gemu ya pointi sawa, yaani majeshi yenye thamani sawa, huwezi kupata hiyo kwa meza nzima, hata iweje, ila unaweza kuipata sehemu moja ya meza, na hiyo sehemu moja ndo inakutosha.

Alafu zamu. Tuseme meza ni ile ya futi 6 kwa 4, upana wake inchi 48, kila mtu anaanza ndani ya inchi 12 kutoka ukingo wake, katikati yenu zimebaki 24. Askari wa miguu wanatembea inchi 6, basi ni zamu nne kumfikia ukiwa huna kizuizi wala amri iliyogoma, yaani kikosi kukataa kusogea. Gemu ni ya zamu 8, na mstari mzuri unataka angalau zamu tatu za kupigana mpaka uvunjike na wewe unufaike. Maana yake una zamu moja tu ya ziada ya kuchezea. Moja! Ukitumia mbili kuzungusha farasi kwa mbwembwe, umeshampa sare.

Hatua ya 2: Kagua ngome yake kwa macho ya askari

Zunguka upande wake wa meza, chuchumaa mpaka jicho lako lilingane na vijisanamu. Ukiangalia kutoka juu kila kitu kinaonekana wazi, ukichuchumaa ndo unagundua ile nyumba inaziba mizinga yake, ule mkunjo wa kilima una kona ambayo hakuna kikosi chake kinachoiona, na vikosi vyake viwili vya kushoto haviwezi kusaidiana kwasababu katikati kuna uzio.

Angalia mambo matatu. Mabega yake yameegemea nini na je hicho kitu kweli hakipitiki, maana msitu unaozuia farasi mara nyingi hauzuii askari wepesi. Akiba yake iko wapi na ni kubwa kiasi gani, ukiona hana akiba kabisa furahi, kamaliza kila kitu mstari wa mbele. Na kamanda wake kasimama wapi, kwasababu kwenye sheria nyingi amri zina umbali, mrengo ulio mbali na kamanda unachelewa kujibu.

Jambo la nne ni la kujua nini cha kuacha. Tarehe 22 Januari 1879 Wazulu waliipiga kambi ya Waingereza pale Isandlwana, Afrika Kusini, kambi haikuzungushiwa ngome na mstari wa askari ulikuwa umetawanyika mbali, kifua cha jeshi la Wazulu kikawabana mbele huku pembe mbili zikizunguka pande zote, Waingereza na wenzao zaidi ya 1,300 wakafa. Siku hiyo hiyo jeshi lingine la Wazulu wa taifa lile lile likaenda Rorke's Drift, kituo kidogo cha Waingereza, wakakuta watu kama 150 wamejibana nyuma ya magunia ya mahindi na maboksi ya biskuti, wakashambulia mpaka usiku na hawakukiteka. Wazulu kule walikuwa elfu tatu na zaidi. Tofauti iko kwenye umbo, mstari mrefu una mwisho, na penye mwisho unazunguka. Boma dogo lililofungwa pande zote halina ubavu, kulizunguka ni kupoteza muda. Ukikuta mpinzani kajifungia hivyo kwenye kona ya meza, usimguse, chukua meza yote iliyobaki.

Hatua ya 3: Chagua jeshi lenye vitu vya kumsumbua

Fupi tu hapa. Unataka kitu cha kumuumiza kwa mbali, mizinga au wapiga mishale kulingana na zama. Unataka askari wepesi wengi kidogo, wa bei rahisi, ambao ukiwapoteza hulii. Unataka kitu chenye kasi ambacho akikiona pembeni lazima ageuze kikosi. Na unataka kundi moja zito la kupiga, vikosi vitatu au vinne vizuri kuliko vyote ulivyonavyo, na hao usiwagawanye kamwe. Vikosi vya wastani vya bei ya wastani vilivyojaa meza nzima ndo chakula cha mlinzi.

Hatua ya 4: Panga jeshi kwa kudanganya

Kama mnapanga kikosi kwa kikosi kwa zamu, anza na takataka. Weka wale wepesi, weka kikosi dhaifu katikati, weka wapanda farasi upande ambao huna mpango nao, farasi wanaweza kurudi haraka. Kila kikosi unachochelewesha yeye analazimika kuweka cha kwake bila kujua pigo linatokea wapi. Lile kundi zito linaingia mwisho kabisa.

Mfano wa kuiga ni Leuctra, mwaka 371 KK. Wasparta walikuwa wanaogopwa na Ugiriki nzima, mstari wao ulikuwa na kina cha watu kama 12, mmoja nyuma ya mwingine. Epaminondas, kamanda wa mji wa Thebes, badala ya kusawazisha jeshi lake akarundika mrengo wa kushoto kina cha watu 50, uso kwa uso na mfalme wa Wasparta, Cleombrotus, huku mrengo wake wa kulia ambao ulikuwa dhaifu akaurudisha nyuma usigusane na mtu. Mfalme akauawa, mrengo wake ukavunjika, na sehemu kubwa ya jeshi la upande wa Sparta haikuwahi hata kupigana vizuri. Mezani ni hivyo hivyo, mrengo wako dhaifu uweke mbali kiasi kwamba akitaka kuupiga lazima atoke kwenye kilima na atembee zamu tatu. Akitoka, asante sana. Asipotoka, nusu ya jeshi lake imekaa kutazama.

Hatua ya 5: Mbane kwa bei rahisi

Kubana maana yake kumfanya asihamishe vikosi kwenda kule unakopiga. Unasimama mbele yake umbali ambao akigeuka unamvaa, basi, huhitaji kumvaa kweli. Kikosi kimoja chako kinaweza kubana viwili vyake kama kiko mahali pazuri, pembeni ya msitu kwa mfano.

Hapa pana mtego na ni mtego mtamu. Waterloo, 18 Juni 1815, Wafaransa wa Napoleon walianza kulishambulia shamba la Hougoumont upande wa kulia wa Wellington, kamanda wa Waingereza na washirika wao, na mara nyingi shambulio hilo linaelezwa kwamba lengo lake lilikuwa kumvuta apeleke akiba yake huko. Badala yake wao wenyewe ndo wakavutwa, siku nzima wanamwaga maelfu ya askari kwenye ukuta na lango, na shamba halikuchukuliwa. Mezani inaanza kidogo kidogo hivi hivi, kikosi cha kubana kinapata dadu nzuri, unajiambia hapa naona pamelegea, unaongeza kimoja, alafu kingine, na lile pigo lako kuu limebaki na nusu ya nguvu. Amua kabla ya gemu vikosi vya kubana ni vingapi, viandike pembeni kama hujiamini, na usiongeze hata kimoja.

Hatua ya 6: Lainisha sehemu moja

Hesabu za dadu hazina huruma. Una dadu 12 za kufyatua, akiwa uwanjani unapata kwa 4 na kuendelea, wastani wako mapigo 6. Akiwa na kinga unapata kwa 5 na kuendelea, mapigo 4. Akiwa nyuma ya ukuta mzuri unahitaji 6, unapata 2. Sasa hayo mawili ukiyagawa kwa vikosi vitatu hujafanya chochote, kila mtu anapata mkwaruzo alafu kamanda wake anawapanga upya. Chagua vikosi viwili vinavyopakana, vile utakavyovivaa, na kila kitu kinachoweza kurusha kirushe huko, zamu baada ya zamu, hata kama kuna shabaha nyingine inakuita. Ikifika siku ya kuvivaa viwe vimeshalegea, hata kama havijavunjika.

Akijificha nyuma ya mgongo wa kilima kama alivyopenda Wellington, mizinga yako haimuoni na hakuna sababu ya kuipoteza zamu ya ziada kupiga udongo. Hamisha mizinga pembeni ipate kuona ule mgongo kwa urefu wake, au itumie kupiga kitu kingine kabisa. Ila kumbuka na yeye akiwa nyuma ya mgongo hakuoni, kwahiyo unaweza kutembea mpaka karibu bila kupoteza mtu na kujipanga chini pale. Watu wanaogopa mgongo wa kilima kuliko inavyostahili.

Kwa wanaocheza Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hapa ndo mahali pa moshi na bunduki za rashasha. Moshi uzibe macho ya wale ambao hutawashambulia, rashasha na mota ziwainamishe wale utakaowashambulia, alafu askari wa miguu wanaingia zamu hiyo hiyo kabla hawajainuka. Ukichelewa zamu moja, moshi umepotea na hao wameinua vichwa.

Hatua ya 7: Mchokoze atoke

Hii ndo hatua naipenda kuliko zote. Mlinzi hodari ni mtu mwenye subira, ila vikosi vyake mezani sio lazima viwe na subira, sheria nyingi za zama za kale na za kati zina askari ambao wakiona adui anakimbia wanamfuata wenyewe au wanahitaji dadu ya nidhamu kubaki. Peleka askari wepesi mpaka umbali wa kurusha mkuki, waumize kidogo, wakivamiwa wakimbie. Kikosi kinachowafuata kimetoka kwenye mstari, mabega yake yako wazi, na nyuma yako umeshaweka farasi wakisubiri.

Hastings, 14 Oktoba 1066, Waingereza walisimama juu ya mwinuko na ukuta wa ngao, farasi wa William, mtawala wa Normandia kule Ufaransa, wakashindwa kuuvunja kutwa nzima karibu. Mrengo wake wa kushoto ulipokimbia, baadhi ya Waingereza wakashuka kuwafukuza, wakazungukwa wakakatwa. Wanahistoria wa zama hizo wanasimulia kwamba baada ya hapo Wanormandi wakaanza kujifanya wanakimbia makusudi. Ukuta ulipungua kidogo kidogo, mishale ikiendelea, mpaka jioni Harold, mfalme wa Waingereza, alipouawa. Zingatia kwamba haikuwa mbinu moja, ilikuwa mishale, farasi na kuvutwa chini, vikirudiwa bila kuchoka.

Hata mpinzani ambaye vikosi vyake havilazimiki kufuata anaweza kuchokozwa yeye mwenyewe. Weka mzinga wako mmoja mahali panapoonekana hapajalindwa sana. Mtu aliyekaa zamu nne bila kufanya kitu anatamani kufanya kitu, na mzinga unaoonekana mpweke unawasha.

Hatua ya 8: Pigo lenyewe, wote kwa zamu moja

Hapa ndo gemu nyingi zinapotea hata kama mengine yote yameenda sawa. Kikosi cha kwanza kinafika, cha pili kimegoma amri kiko inchi 4 nyuma, cha tatu kinakwama kwenye uzio, na wewe kwa uroho unaruhusu cha kwanza kivamie peke yake. Usiruhusu. Simama nje ya umbali wake wa kukuumiza vibaya, subiri wenzake, poteza ile zamu yako ya ziada hapa, ndo kazi yake. Fredericksburg, 13 Desemba 1862, kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, jeshi la Muungano (majimbo ya kaskazini) lilipeleka brigedi baada ya brigedi kwenye ukuta wa mawe chini ya Marye's Heights, kila moja ikafika kwa wakati wake na kila moja ikapigwa kwa wakati wake. Kwenye vita hiyo Muungano ulipata hasara ya zaidi ya watu 12,000, Shirikisho (majimbo ya kusini) chini ya nusu ya hiyo, na hakuna aliyeufikia ule ukuta.

Kuwa wengi tu hakutoshi, changanya aina za askari ili jibu lake kwa mmoja liwe kosa kwa mwingine. Zama za Napoleon zinaonyesha hili vizuri. Askari wa miguu wakitishiwa na farasi wanaunda mraba, mraba unazuia farasi vizuri mno, ila mraba ni shabaha nzuri ya mizinga na una bunduki chache upande mmoja. Kwahiyo farasi wanakaribia, hawavamii, wanatishia tu. Akiunda mraba unampiga kwa mizinga na askari wa miguu wanasogea. Asipounda, farasi wanaingia. Lile ndo swali lisilo na jibu zuri. Kinyume chake ni Ney, jemadari wa Napoleon, alasiri ya Waterloo, maelfu ya farasi wakirudia kuivaa miraba bila askari wa miguu na bila mizinga ya kutosha nyuma yao, na miraba ikabaki imesimama.

Karne tano na zaidi kabla, Falkirk 1298, Waskoti walisimama kwenye makundi ya mikuki mirefu, farasi wa Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, hawakuweza kuingia. Walipowafukuza kwanza wapiga mishale na wapanda farasi wa Waskoti, makundi yakabaki hayana wa kuyalinda, mishale ikayatoboa, ndipo farasi wakaingia kwenye matundu. Mpangilio uangalie huo: ondoa msaada wake, toboa, ingia.

Na kikosi chako cha pili kiwe nyuma ya cha kwanza kwa umbali ambao cha kwanza kikivunjika hakikisombi nacho, ila kiweze kuvaa zamu inayofuata. Soma sheria zako vizuri kuhusu wanaokimbia kupita katikati ya wenzao, kuna sheria zinakuadhibu hapo vibaya sana.

Hatua ya 9: Umepata tundu, usilishangae

Ukishavunja kikosi kimoja jaribu la kwanza ni kuwafukuza wanaokimbia. Waache, geuka pembeni. Cynoscephalae, 197 KK, mrengo wa kulia wa Wamasedonia na mikuki yao mirefu ulikuwa unawasukuma Warumi kushuka mlima, mbele haukuwa na dawa. Ofisa mmoja wa Kirumi upande ulioshinda akachukua manipuli 20 (vikosi vidogo vya Kirumi), akageuka badala ya kuendelea kufukuza, akawapiga wale kwa mgongoni. Wenye mikuki mirefu hawawezi kugeuka haraka, wakaisha. Mezani kikosi kinachopigwa ubavuni au mgongoni kinapoteza dadu, kinapoteza bonasi ya ukuta, na mara nyingi kinapimwa ari papo hapo, yaani dadu inaamua kama kitabaki au kitakimbia. Vikosi viwili vyako ndani ya tundu, vikigeuka kila kimoja upande wake, vina kazi kubwa kuliko vitano vinavyosukumana mbele.

Yeye ataleta akiba sasa. Hapo ndo wale wa kubana wanalipa deni lao, wasogee kweli, wavamie hata wakipigwa, wanunue zamu moja tu asipeleke mtu.

Hatua ya 10: Ikigoma

Dadu zitagoma siku nyingine. Ukiona ikifika zamu ya sita hujatoboa na kundi zito limebaki nusu, usiongeze wengine kwenye shimo hilo hilo. Angalia pointi, warudishe waliobaki nje ya umbali wa mizinga yake, kalia zile sehemu mbili za misheni, na mlazimishe yeye sasa aje. Sheria nyingi zinavunja jeshi likipoteza nusu ya vikosi, kwahiyo hesabu kila zamu umebakiza vingapi kufika hapo, na yeye kabakiza vingapi. Akiwa kabakiza kimoja na wewe viwili, kile kikosi chake kilichochubuka nyuma ya mstari ndo cha kutafuta kwa farasi wako wa mwisho, hata kama kiko mbali na kilima mlichokuwa mnakigombania tangu mwanzo.